Kuingiza helikopta za mwanzo kwenye mchezo wa mapambano ya angani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukishazoea mchezo wa mezani wa mapambano ya angani, ule wa ramani ya pembesita, kadi za ndege na dadu, siku moja lazima mtu aulize: helikopta je? Na wanaoanza huuliza yale yale. Niipe kasi gani? Itasimamaje hewani wakati kanuni zinataka kila ndege isogee? Niipe bunduki ngapi? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, kuanzia kadi tupu hadi pambano linalomalizika jioni moja.

Jambo moja lishike mapema, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Helikopta ya miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 si ndege ya kivita iliyo polepole. Ukichukua kadi ya ndege ya kivita na kupunguza namba, utapata kete inayotunguliwa zamu ya pili na mchezaji anayekwenda kuchemsha chai. Helikopta ndiyo sababu ya pambano kuwepo: kuna mtu chini anatakiwa kuchukuliwa, na ndege nyingine zote ziko pale kumlinda anayemchukua au kumzuia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mchezo wenyewe, wenye zamu, ngazi za kimo, na kasi inayohesabiwa kwa pembesita. Kama wako unapima kwa rula mezani, weka sentimita mahali pa pembesita, hesabu hazibadiliki.
- Vipimo viwili vya mchezo huo: zamu moja ni sekunde ngapi, na pembesita moja ni mita ngapi. Kitabu cha kanuni kisiposema, kokotoa kinyumenyume. P-51D, ndege ya kivita ya Marekani, ilifikia karibu kilomita 700 kwa saa; kama kadi yake inasema 5 na zamu ni sekunde 4, pembesita yako ni kama mita 155.
- Kikokotoo cha simu, penseli na kifutio. Usiandike kadi kwa kalamu ya wino kabla ya hatua ya mwisho.
- Manila, mkasi, gundi, na kipande cha plastiki angavu, ile inayowekwa juu ya ripoti zikifungwa spairo kwenye duka la steshenari.
- Dadu mbili za kawaida na vifungo vya shati vya kuhesabia alama.

Mifano yote hapa chini inachukulia zamu ya sekunde 4, pembesita ya mita 150 na ngazi ya kimo ya mita 300.

Hatua ya 1: Chagua mwaka na mahali kabla ya kuchagua helikopta

Anayeanza huanza na picha aliyoipenda, kisha anatafuta vita vya kuiweka. Fanya kinyume chake. Uwanja halisi si mpana:

- Ujerumani, 1942 hadi 1945. Flettner Fl 282 Kolibri, helikopta ndogo ya upelelezi iliyojaribiwa hata kutoka melini, na Focke-Achgelis Fa 223 Drache, kubwa zaidi, yenye mapanga (rota) mawili pembeni. Zilitengenezwa chache mno, kwa hiyo pambano lako litakuwa la kubuni kwa sehemu kubwa.
- Burma, 1944. Sikorsky R-4 ya Wamarekani. Mwezi Aprili luteni Carter Harman aliitumia kumtoa rubani wa ndege ndogo iliyoanguka, pamoja na wanajeshi watatu wa Uingereza, nyuma ya mistari ya Wajapani.
- Korea, 1950 hadi 1953. Sikorsky H-5 na baadaye H-19, zikiokoa marubani walioanguka.
- Algeria, kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Hapa helikopta zinaanza kubeba silaha za maana, na ni mchezo mwingine kabisa.

Anza na Korea. Ndege za kivita zipo kwenye karibu kila mchezo, kazi ya helikopta inaeleweka, na matukio halisi ni mengi.

Tahadhari: Bell H-13, ile yenye kioo cha duara mbele na machela mbili nje, ndiyo inayokumbukwa zaidi na watu wakisikia Korea. Lakini kazi yake ilikuwa kubeba majeruhi kutoka karibu na mstari wa mbele kwenda hospitali. Kwenye ramani ya mapambano ya angani haina shughuli. Iache.

Tahadhari nyingine ni jairo kama Cierva C.30, ambayo Waingereza waliitumia kupimia rada. Inafanana na helikopta, lakini panga lake la juu halizungushwi na injini ikiwa hewani. Linazungushwa na upepo wa mwendo. Maana yake haiwezi kuelea mahali pamoja. Usiipe kanuni za hatua ya 4.

Hatua ya 2: Geuza kasi kuwa alama, usiizungushe kuwa pembesita nzima

Hapa ndipo kazi nyingi za wanaoanza huharibika. Kwa vipimo vyetu, kasi kwa pembesita ni kilomita kwa saa gawanya kwa 135. R-4 ilifikia karibu kilomita 120 kwa saa: 120 ÷ 135 ni 0.89. Kolibri, 150, inatoa 1.11. H-5, karibu 170, inatoa 1.26. Ukizungusha, zote zinakuwa 1, na helikopta ya 1944 inakwenda sawasawa na ya 1951.

Badala yake zidisha kwa 10 na uhesabu kwa alama:

- R-4: 9
- Fl 282 Kolibri: 11
- H-19: 12
- H-5: 13
- Fa 223 Drache: 13

Kila zamu helikopta inaweka alama za kasi yake kwenye kadi, kifungo kimoja kwa alama moja. Zikifika 10, inatumia 10 na kusogea pembesita moja. Zinazobaki zinangoja zamu inayofuata. H-5 ikiwa kasi 13: zamu ya kwanza inasogea moja na kubaki na 3, ya pili inafika 16, inasogea moja na kubaki na 6, ya tatu 19, inabaki na 9, ya nne 22, inasogea mbili. Baada ya zamu mbili mchezaji hata haangalii kadi.

Kasi hubadilika kwa alama 2 tu kila zamu, kupanda au kushuka. Namba hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfanya mchezaji afikiri. Ukiwa kasi 13 na unataka kusimama juu ya mtu, zamu zako ni 11, 9, 7, 5, 3, 1, kisha 0. Jumla ni alama 36, yaani zaidi kidogo ya pembesita tatu na nusu. Asiyeanza kufunga breki pembesita nne kabla atampita mtu aliyekuja kumwokoa, na kurudi nyuma chini ya risasi ni gharama.

Hatua ya 3: Pasua ngazi ya chini kabisa

Ngazi ya mita 300 inatosha kwa ndege za kivita. Kwa helikopta, maisha yote yamo ndani ya ngazi hiyo moja. Igawe sehemu nne: Ardhini; Miti (hadi mita 30); Vilima (hadi mita 150); na Juu (hadi mita 300), ambapo mchezo wa kawaida unaendelea.

Kupanda ni taratibu. Hata ukiipa helikopta mita 5 kwa sekunde, zamu moja ni mita 20 tu. Kwa hiyo: Ardhini kwenda Miti zamu 1, Miti kwenda Vilima zamu 2, Vilima kwenda Juu zamu 6. Mchezaji atagundua mwenyewe kwamba kukimbilia juu si njia ya kujiokoa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kushuka kuna mtego. Ikiwa na kasi 3 au zaidi, Vilima kwenda Miti ni zamu 3. Ikishuka wima, kasi 0 hadi 2, ni zamu 5. Mchezaji akilazimisha zamu 3 huku akishuka wima, helikopta inaingia kwenye hewa iliyovurugwa na mapanga yake yenyewe na kupoteza nguvu ya kujibeba: arushe dadu moja, 1 au 2 inagonga chini.

Hatua ya 4: Andika kanuni za kuelea na kugeuka

Ziwe fupi. Ukurasa mmoja ukizidi, hakuna atakayezisoma.

- Kasi 0 ni kuelea. Helikopta inaruhusiwa kubaki pembesita ile ile bila kuanguka.
- Kasi 0 hadi 4: inageukia upande wowote, na inaweza kusogea kando au nyuma bila kugeuza pua. Upande mpya huandikwa, kasi haibadiliki.
- Kasi 5 na kuendelea: kona moja ya nyuzi 60 kwa zamu.
- Hakuna kupinduka, hakuna kubingirika, hakuna kupiga mbizi. Akiomba, mwambie hapana.

Mstari wa mwisho hauhitaji dadu wala jedwali. Nimeona kanuni za kurasa tatu zinazopima uwezekano wa R-4 kubingirika. Ni karatasi ya kufungia maandazi.

Hatua ya 5: Pima nguvu ya kuelea

Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka mwongozo huu, chukua hiki. Helikopta zile zilikuwa na injini za pistoni zenye nguvu inayotosha kwa shida. R-4 ilikuwa na nguvu za farasi 200 au pungufu, viti viwili, na mapanga yaliyofunikwa kitambaa. Hewa ya joto na ya mwinuko ni nyepesi, mapanga yanashika kidogo, na injini nayo inadhoofika. Kule Burma Harman aliweza kubeba mtu mmoja tu kwa safari, na baada ya kuwatoa wawili injini ilipata moto kupita kiasi, ikabidi kazi imaliziwe siku iliyofuata.

Ipe kila helikopta namba ya nguvu: R-4 ni 1, Kolibri 1, H-5 ni 3, H-19 na Drache 4. Kisha toa:

- 1 kwa joto kali
- 1 kwa uwanja wa milima
- 1 kwa kila mtu zaidi ya rubani
- 1 kwa tangi lililojaa

Matokeo yakiwa 0 au zaidi, inaelea kimo chochote cha Miti au Vilima. Yakiwa −1, inaelea karibu na ardhi tu, yaani Ardhini au Miti palipo wazi, kwa kuwa ardhi iliyo karibu inasaidia hewa kuibeba. Yakiwa −2, haiwezi kuelea kabisa: lazima iendelee na kasi 3 au zaidi, na kuruka kwake kunahitaji pembesita mbili zilizo wazi mbele. Yakiwa −3, haiinuki.

Tazama mfano. R-4 yenye nguvu 1, joto la Aprili Burma, majeruhi mmoja ndani: 1 − 1 − 1 ni −1. Inaondoka, lakini kwa kubembeleza, na hakuna kuelea juu ya miti mirefu. H-5 Korea mwezi Julai, joto, milima, na fundi wa winchi (mashine ya kumvuta mtu juu kwa kamba) ndani: 3 − 1 − 1 − 1 ni 0. Inaelea vizuri. Majeruhi anapofika mlangoni inakuwa −1. Yaani ikielea Vilima itaanza kuzama wakati ule ule winchi inapomaliza kazi. Na hesabu hiyo ni ya tangi lisilojaa: mchezaji mzuri atakuwa ameshapunguza mafuta kabla ya kuja.

Hatua ya 6: Rekebisha namna ndege za kivita zinavyoishambulia

Chukua ndege ya kivita inayokuja kwa kilomita 400 kwa saa, mita 111 kwa sekunde. Inafyatua kuanzia mita 300. Kama helikopta inaelea, rubani ana chini ya sekunde 3 kabla ya kuigonga, na ndani ya sekunde hizo lazima avute juu kwa sababu ardhi iko pale pale. Hana nafasi ya kukaa nyuma ya mkia na kulenga kwa utulivu. Atapita, atazunguka mbali, atarudi.

Kwa hiyo:

- Ndege ya kivita inapata ufyatuaji mmoja kwa kila inapopita, kisha lazima ipande au isogee mbele pembesita zake zote.
- Helikopta yenye kasi 1 au zaidi inaruhusiwa kugeuka nyuzi 60 baada ya adui kutangaza mstari wa shambulio. Ikifanya hivyo, adui anapunguza 2 kwenye dadu zake.
- Helikopta inayoelea kwa ajili ya winchi haina ruhusa hiyo, na adui anaongeza 1.
- Adui anayeshambulia kete iliyo Miti arushe dadu mbili baada ya kufyatua: 2 au 3, amegonga ardhi. Akiwa na kasi inayozidi pembesita 4, ni 2 hadi 4.

Mtu akikuambia kanuni ya pili ni upendeleo, mkumbushe Flettner Fl 265, mtangulizi wa Kolibri. Wajerumani waliijaribu dhidi ya ndege mbili za kivita zilizofungwa kamera mahali pa bunduki, na kwa dakika 20 hazikupata picha moja ya kuihesabu kuwa imetunguliwa.

Tahadhari: Usiwape jeti kanuni maalumu za kupunguza kasi ili ziweze kufukuzana na helikopta. MiG-15 iliyolazimishwa kwenda polepole karibu na milima inajiua yenyewe. Acha kanuni za ndege kupoteza nguvu ya kujibeba ikienda polepole mno, ambazo mchezo wako tayari unazo, zifanye kazi.

Hatua ya 7: Tengeneza jedwali dogo la madhara

Jedwali la kawaida la mchezo halina panga la mkia. Kila helikopta inapopigwa, rusha dadu moja:

1. Kabini. Mmoja wa waliomo amejeruhiwa. Dadu iamue nani.
2. Risasi zimepita kwenye kitambaa na mabomba. Hakuna kilichotokea, ila moyo.
3. Injini inakohoa. Nguvu −2 hadi mwisho wa mchezo.
4. Panga la mkia. Helikopta inazunguka ovyo: kasi chini ya 5, inaanguka, kasi 5 na kuendelea, inaweza kwenda mbele tu na haiwezi tena kuelea.
5. Panga kuu. Kasi ya juu nusu; ikitokea mara ya pili, imekwisha.
6. Injini imezimika.

Kolibri na Drache zina mapanga mawili makuu yanayozunguka kinyume na hazina panga la mkia. Kwao namba 4 isomwe kama 2. Ndiyo faida yao kubwa mezani.

Injini ikizimika, rubani anaweza kushusha helikopta kwa mapanga yanayoendelea kuzungushwa na hewa ya kushukia, lakini anahitaji kimo au mwendo. Asipokuwa na hata kimoja hana kitu. Rusha dadu moja kutua salama kwenye pembesita iliyo wazi:

- Miti, kasi 0 hadi 4: 6 tu
- Miti, kasi 5+: 3 au zaidi
- Vilima, kasi 0 hadi 4: 5 au zaidi
- Vilima kasi 5+, au Juu: 2 au zaidi

Pembesita ikiwa ya msitu, punguza 2.

Hatua ya 8: Jenga pambano la kwanza

Tumia tukio la kweli. Tarehe 3 Julai 1951 luteni John Koelsch wa jeshi la majini la Marekani aliondoka na HO3S-1, ambayo ni H-5 kwa jina la wanamaji, kumfuata rubani wa Corsair, ndege ya kivita ya Marekani, aliyeangushwa milimani karibu na Wonsan, Korea Kaskazini. Mawingu yalikuwa chini. Ndege za kumlinda zikabaki juu, yeye akashuka peke yake chini ya mawingu. Alipigwa risasi kutoka ardhini, akaendelea. Alimpata yule rubani, fundi wake George Neal akashusha winchi, na wakiwa wanamvuta juu helikopta ikapigwa tena na kuanguka. Wote watatu walinusurika anguko, wakajificha milimani siku kadhaa kabla ya kukamatwa. Koelsch alifia kifungoni, na baadaye alitunukiwa Medali ya Heshima.

Angalia: hakuna ndege ya adui hata moja kwenye tukio hilo. Na bado ni pambano zuri. Lipange hivi:

- Ramani ya pembesita 20 kwa 14, theluthi mbili milima.
- Rubani aliyeanguka katikati. Helikopta inaanzia pembesita 6 kutoka kwake, kasi 13, kimo Vilima.
- Bunduki mbili za ardhini, zimefichwa chini ya kete zilizogeuzwa, nne zikiwa za uongo. Bunduki inafika pembesita 3. Zinapokezana, moja tu inafyatua kila zamu. Inapiga kwa 10 au zaidi kwenye dadu mbili. Helikopta ikiwa inaelea, 9 au zaidi.
- Corsair mbili juu ya mawingu, ambayo yamefunika ngazi ya Juu yote. Corsair ikitaka kushuka chini yake irushe dadu mbili: 5 au zaidi imepenya salama, 4 inarudi juu, 3 au 2 imegonga mlima. Ikipenya, inaweza kushambulia bunduki moja na kuinyamazisha kwa zamu 3.
- Winchi: zamu 3 kushusha, zamu 3 kuvuta. Kukata kamba na kukimbia kunaruhusiwa wakati wowote, mradi mchezaji aseme kwa sauti mbele ya wenzake.

Upande wa waokoaji unapata alama 5 kwa rubani aliyetolewa nje ya ramani, unapoteza 4 helikopta ikianguka na 2 kwa kila Corsair. Upande wa ardhini unashinda kwa sare.

Ukitaka ndege za adui, weka Yak-9 mbili zinazoingia zamu ya nane. Lakini andika juu ya karatasi kuwa hilo ni la kubuni.

Hatua ya 9: Tengeneza kete

Chora helikopta kwa pembeni kwenye manila, kata, ikunje chini iweze kusimama. Kwa mapanga kata duara la plastiki angavu lenye upana wa pembesita moja na uligundishe juu. Likiwa hewani panga halionekani kama fito, linaonekana kama duara la ukungu, na plastiki inatoa hali hiyo bila rangi yoyote. Weka alama nyekundu ya kalamu mbele ya duara. Bila alama hiyo mtabishana kila zamu pua inaangalia wapi, maana kete hii inaweza kwenda kando.

Kadi iwe na mistari mitano tu: kasi ya juu, nguvu, viti, panga la mkia lipo au halipo, na nafasi ya vifungo. Sasa unaweza kuandika kwa wino.

Mambo yakienda kombo

*Helikopta inatunguliwa kila mchezo.* Hesabu zamu inazoelea. Kwenye dadu mbili, 9 au zaidi hutoka mara 10 kati ya 36, kwa hiyo zamu 6 za winchi chini ya bunduki moja ni pigo moja au mawili kwa wastani. Hiyo ni sawa. Kama mnapata manne au matano, kuna mtu anafyatua bunduki zote mbili kila zamu, au Corsair zimekaa juu ya mawingu zikiogopa dadu. Mara nyingi ni hili la pili.

*Helikopta haipigwi kabisa.* Mchezaji anatumia ruhusa ya kugeuka huku akiwa kasi 0. Soma tena hatua ya 6: lazima iwe na kasi 1 au zaidi.

*Alama za kasi zinachanganya watu.* Chora miraba 10 kwenye kadi na usogeze kifungo kimoja badala ya kurundika vifungo. Kikipita mraba wa mwisho, helikopta inasogea na kifungo kinaanza upya.

*Mchezaji wa helikopta anachoka kungoja.* Mpe pia Corsair moja. Anayelinda na anayelindwa wakiwa mkono mmoja, maamuzi yanakuwa magumu zaidi na mchezo unakwenda haraka.

*Ndege za kivita zinagonga ardhi ovyo.* Kagua kasi zake. Nyingi huingia na pembesita 5 au 6 kwa sababu mchezaji amezoea mapambano ya juu. Mwache agonge mara moja. Mara ya pili atapunguza mwenyewe.

*Kila mtu anataka bunduki kwenye helikopta.* Drache ilibeba rashasha moja puani, basi. Kwa R-4 na H-5, mtu wa ndani anaweza kufyatua silaha ya mkononi kupitia mlangoni: haipigi ndege kamwe, inaweza tu kunyamazisha kete ya askari wa miguu iliyo pembesita ile ile kwa zamu moja. Anayetaka mizinga aende Algeria, ambako Wafaransa walifunga mzinga wa milimita 20 mlangoni mwa H-34. Hapo utahitaji kadi mpya, bunduki za ardhini nyingi zaidi, na kuifuta kabisa kanuni ya fundi wa winchi, kwa sababu kiti chake sasa kimekaliwa na mpiga mzinga.